Siku Mbili za Kuzaliwa za Ketaki Dhavale

Ketaki Dhavale alizaliwa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa alfajiri ya tarehe kumi na tisa Agosti, mwaka 1974, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya bibi yake huko Barshi, na mkunga aliitazama saa ya ukutani kwa makini kwa sababu mnajimu angetaka dakika kamili. Mara ya pili ilikuwa mwaka 1983, ofisini kwa mwalimu mkuu wa shule moja ya Solapur, kwa kalamu ya wino. Hapo aliandikwa kuwa amezaliwa tarehe mosi Juni 1976. Shule zetu hufunguliwa Juni, na mwalimu mkuu asiyependa maswali humwandikia kila mtoto tarehe mosi Juni. Nusu ya darasa walikuwa na siku hiyo hiyo na hakuna aliyeona ajabu. Kilichokuwa cha Ketaki peke yake ni ule mwaka.

Alikuwa amemaliza darasa la tatu katika shule yake ya zamani. Katika shule mpya aliketishwa darasa la pili, magoti yakigonga dawati, na baba yake alimwonya asijibu hesabu upesi.

“Ukiulizwa saba mara nane, fikiri kwanza,” alimwambia. “Kosea kidogo. Watoto wa miaka saba hukosea.”

“Nikikosea mwalimu atanichapa.”

“Basi atakuchapa.”

Baba huyo, Yashwant Dhavale, alikuwa karani wa idara ya maji ya manispaa. Utotoni aliokota mipira katika klabu ya tenisi ya mabwana wa viwanda vya nguo, na hakuna siku aliyoruhusiwa kushika raketi. Klabu ilikuwa na viwanja vitatu vya udongo, na viwanja vya udongo vya kwetu husiribwa kwa samadi ya ng'ombe kama sakafu ya nyumba ya shamba, ili vumbi lisipande na mpira uruke sawasawa. Kila Jumapili Dhavale alikanyaga samadi kwa miguu yake, akaitandaza, akaisawazisha kwa fagio, akapiga mistari ya chokaa. Hakulipwa. Malipo yake yalikuwa kiwanja cha tatu, saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja, kabla wanachama hawajaamka, kwa ajili ya binti yake.

Servisi mia moja kabla ya kula. Iliyogusa wavu haikuhesabiwa. Mkate wa mtama na chatini ya karanga vilikaa ndani ya mkebe juu ya kiti cha mwamuzi, mahali ambapo mtoto angeviona. Siku moja mbwa wa klabu aliuangusha ule mkebe akala vyote Ketaki akiwa kwenye servisi ya themanini. Baba yake alisema mbwa kawahi, yeye kachelewa, na akamwambia aendelee.

Dhavale hakuwa mwendawazimu. Alikuwa amekaa nyuma ya uzio miaka mingi akitazama watoto wakicheza, na alichokiona ni kwamba katika mashindano ya watoto hushinda mwenye mabega. Miaka miwili ni mabega. Wazazi wengine walilijua hilo pia, na wengine walifanya kama yeye. Tofauti ni kwamba wengi wao waliiba miezi sita.

Siku ya kuzaliwa ya Juni ilisherehekewa klabuni, kwa peremende, mbele ya katibu. Ile ya Agosti ilifanyika jikoni, mlango ukiwa umefungwa. Mama yake, Indumati, alimkalisha kwenye kibao, akamzungushia taa usoni mara tatu, akambandika punje za mchele kwenye kipaji na kumwombea maisha marefu kwa sauti ndogo. Kisha alimfuta kipaji kwa ncha ya sari, asije akatoka nje na alama.

Nilikutana naye Januari 1990, kwenye fainali ya taifa ya wasichana wasiozidi miaka kumi na minne. Mimi ni Mukta Paranjape, binti wa daktari wa macho wa Pune. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Yeye karatasi zilisema ana kumi na mitatu, ila alikuwa na kumi na mitano na nusu. Nilipata gemu moja. Mpira wake ulikuja juu ya bega langu kila mara, nami niliuzuia kwa raketi kama mtu anayefukuza nyuki. Katika chumba cha kubadilishia nguo, mama yangu alimtazama alipovua shati, akaninong'oneza, “Huyu wa kumi na mitatu? Labda kama kwao miaka mingine haihesabiwi.” Baba yangu alisema kama hatuna ushahidi tunyamaze. Nililia njia nzima, treni ya saa thelathini, na sijutii kilio kile. Kilikuwa haki yangu.

Wasichana wengine hawakunyamaza. Walimwita Bibi.

“Bibi, meno bado yapo?”

“Jamani mpisheni Bibi akae, miguu inamuuma.”

Na wale wa Solapur, waliomjua tangu utoto, walikuwa na lao. Akiingia bwenini, mmoja alikuwa akikunja pua na kusema, “Mmesikia harufu? Ng'ombe kafika.” Ketaki alikuwa na tabia ya kupanga raketi zake mbili kitandani, sambamba, kisha kuzitazama mpaka kicheko kiishe.

Agosti 1993 tulikuwa kambini pamoja, chumba kimoja, kwa sababu herufi za majina yetu ndivyo zilivyoangukia. Asubuhi moja alipata bahasha kutoka kwa mama yake. Haikuwa na barua, ilikuwa na punje za mchele zilizopakwa rangi nyekundu. Alizibandika kwenye kipaji mbele ya kioo, akakaa nazo dakika moja, akazitoa. Nilimwuliza leo kuna nini.

“Leo nimetimiza kumi na tisa,” alisema.

Mimi nilikuwa na kumi na saba. Nilihesabu nyuma kwa vidole.

“Kwa hiyo ile fainali.”

“Ndiyo. Ulikuwa mtoto,” alisema. “Pole.”

Sikumwambia mtu. Sikuwa na sababu, na kunyamaza kwangu hakukumsaidia yeyote. Kuanzia siku hiyo siri ile ilikuwa kama jiwe mfukoni mwangu, na nilipenda kuligusa.

Yeye aliniambia mengine kambini pale: habari za mkebe, za mbwa, za dawati. Aliniambia pia alichokuwa akikitaka. Baba yake alikuwa amemwahidi jambo moja tu maishani. Siku atakayovaa koti la bluu la timu ya nchi na kuingia nalo uwanjani, siku hiyo angekuwa amemaliza naye. Asingemwamsha tena wala kusimama tena nyuma ya uzio.

“Halafu utaacha?” nilimwuliza.

“Niache kwa nini? Napenda kucheza. Nataka kujua nikicheza bila yeye kusimama pale, itakuwaje. Labda sijui kucheza kabisa.”

Alijua kucheza. Mwaka 1995 alichukua ubingwa wa taifa wa wanawake, na mwaka 1996 akauchukua tena. Mara zote mbili fainali ilikuwa kati yake na mimi, na mara zote mbili nilifungwa seti mbili kavu. Kwa wanawake wazima haulizwi mtu umri. Hata bibi kizee akitaka kuingia, ajaze fomu. Ushindi ule ulikuwa wake, haukuibwa kwa mtoto yeyote. Nilifungwa kwa sababu alikuwa mchezaji bora kuliko mimi, na nilijua hivyo nikiwa kwenye mstari wangu nikisubiri servisi yake.

Machi mwaka ule wa 1996 timu ya wanawake wanne ilitangazwa kwenda kwenye mashindano ya bara. Jina lake lilikuwa la kwanza. Mimi, kwa pointi za mwaka mzima, nilikuwa wa tano, akiba. Fundi cherehani alikuja kambini na utepe wake, akawapima wale wanne.

Wakati huo huo mama yake alikuwa na haraka nyingine. Kwa dunia binti yake alikuwa anakaribia ishirini, lakini yeye ndiye aliyemzaa na alijua anakwenda ishirini na mbili. Posa ilipokuja, ilikuja kutoka mahali pazuri mno. Madhukar Sabnis, katibu msaidizi wa chama cha tenisi, alikuwa na mtoto wa kaka yake, mhandisi, mrefu, mwenye kazi Pune. Sabnis alimwona Ketaki akicheza fainali, akasema msichana ana adabu, hapigi kelele na mwamuzi. Mama wa kijana aliomba, kama ilivyo desturi, hati ya nyota ya msichana, ili mnajimu wao ailinganishe na ya kijana.

Dhavale alikwenda kwa mnajimu wa sokoni akaandikisha hati mpya, yenye mwaka 1976. Akampa mkewe aiweke kwenye bahasha. Indumati aliitazama, akaiweka chini ya pipa la mchele, na kwenye bahasha akatia ile ya kweli, iliyoandikwa na mnajimu wa Barshi siku kumi na mbili baada ya mtoto kuzaliwa. Hakumwambia mumewe.

Wiki tatu baadaye Sabnis alifika Solapur mwenyewe. Alikaa kwenye kiti kimoja kizuri cha nyumba ile, akanywa chai, akaisifu, akaomba nyingine. Ketaki alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, kichwa kimefunikwa, kama inavyotakiwa. Ni yeye aliyenisimulia, siku chache baadaye.

“Bwana Dhavale, hati yenu nzuri mno,” Sabnis alisema. “Pointi thelathini na moja kati ya thelathini na sita. Shemeji yangu amefurahi hata usingizi hapati.”

“Ni baraka zenu, bwana.”

“Ila nimeona kitu kidogo.” Aliitoa ile karatasi kwenye faili na kuinyoosha juu ya goti. “Nyota zinasema sabini na nne. Faili langu ofisini linasema sabini na sita. Hapa mmoja ni mwongo. Ni nyota au ni wewe?”

Dhavale alimgeukia mkewe. Indumati alikuwa akimimina chai, na aliendelea kumimina mpaka kikombe kikajaa.

“Usiogope,” Sabnis alisema. “Mimi si mtu mbaya. Msichana anaingia kwetu, nitachafuaje nyumba yangu? Mambo ni mepesi. Goti lake linauma. Daktari wangu ataandika. Timu inaondoka bila yeye, Desemba tunafunga harusi, na karatasi hii naichoma kwa mkono wangu.”

“Na nafasi yake?”

“Nafasi haikai bure. Binti wa Daktari Paranjape anasubiri.”

Ketaki alisema kutoka mlangoni, “Goti langu haliumi, ami.”

“Litauma, mwanangu,” Sabnis alimjibu kwa upole. “Anza kulizoea.”

Sabnis alipoondoka, Dhavale hakupaza sauti. Alimwambia mkewe, “Miaka kumi na mitatu nimekanyaga mavi ya ng'ombe. Wewe umeimaliza kwa stempu moja.”

“Karatasi za serikali andika utakavyo,” Indumati alisema. “Za klabu, za shule, nilinyamaza. Lakini huyu anakwenda kuolewa. Nimwoze kwa nyota za mtoto mwingine? Mume akifa mwaka wa kwanza, atakayeulizwa ni wewe au mimi?”

“Afe!”

“Sema polepole, majirani wapo.”

Ndivyo walivyo watu wetu. Indumati aliweza kudanganya chama, mwalimu mkuu, wazazi wa watoto wote waliofungwa, kwa miaka kumi na mitatu na bila kutetemeka. Sayari ya Zohali, iletayo mikosi, hakuweza kuidanganya.

Dhavale alitaka kukubali. Goti, akasema, tuseme goti, mwakani kuna timu nyingine. Ketaki alikuwa ameketi sakafuni akitazama magoti yake.

“Mwakani atakuwa na karatasi ile ile, Baba.”

“Kasema ataichoma.”

“Wewe ungeichoma?”

Baba yake aliinama kuokota vikombe vya chai, na hilo lilimtosha.

Kesho yake mchana aliandika barua kwa chama, kwenye meza ya jikoni, mama yake akisafisha dengu pembeni. Alisema tarehe yake ya kuzaliwa ilibadilishwa akiwa na miaka minane. Alisema makombe yote ya mabinti yapewe wale aliowafunga, na akawaorodhesha, na jina langu likiwa la kwanza. Alisema ubingwa wa wanawake hauna umri, kwa hiyo ule aliupata kwa haki, na kwa ubingwa huo anaomba kubaki kwenye timu. Aliipeleka posta mwenyewe.

Kamati ilikaa Mei. Watu watano, meza ndefu, feni juu. Baba yangu alikuwa mmoja wa wale watano, na alitusimulia wakati wa chakula, kama mtu anayesimulia upasuaji.

“Ulijua tarehe ni ya uongo?” mwenyekiti alimwuliza.

“Nilikuwa na miaka minane.”

“Baadaye ulijua.”

“Ndiyo.”

“Na fomu ulisaini.”

“Baba alinipa kalamu. Ndiyo, nilisaini.”

“Sasa uaminifu umekujia mwaka huu, mwezi wa timu? Mwaka wa tisini ulikuwa wapi?”

“Mwaka wa tisini hakuna aliyekuwa akinitisha.”

Hapo mmoja alicheka, na mwenyekiti akamwambia Ketaki angoje nje. Alitaka kusema alitishwa na nani, na hakuulizwa. Sabnis alikuwa kwenye kiti cha tatu akiandika kumbukumbu za mkutano. Ulipofika wakati wa kura, baba yangu aliomba radhi akatoka, kwa sababu jambo lilikuwa linamhusu binti yake. Kura zilipokwisha aliingia tena, na chai ikaletwa.

Walimfungia miaka mitatu, ikihesabiwa tangu Januari ya mwaka ule. Walifuta makombe ya mabinti, na hilo lilikuwa haki. Kisha wakafuta na ubingwa wake wa wanawake, mwaka wa tisini na tano na wa tisini na sita. Sababu waliyoandika ni kwamba fomu yenye tarehe ya uongo si fomu, na asiye na fomu hakucheza. Katika kitabu cha chama, mpaka leo, bingwa wa miaka hiyo miwili ni mimi. Makombe yaliletwa nyumbani ndani ya boksi la sabuni. Mama yangu aliyaweka kabatini, nyuma ya yale niliyoshinda.

Mama wa mhandisi alirudisha hati ya nyota kwa posta, na ujumbe mfupi: nyota hazina kasoro, kasoro ni familia.

Jioni ile ya kamati, baba alipomaliza kusimulia, mezani wote walinitazama. Ningeweza kusema kitu. Nilijua ule ubingwa ni wa nani. Nilijua pia kwamba aliyemtisha anakula kwetu kila sikukuu ya Diwali.

Niliuliza, “Fundi anakuja lini?”

Alikuja Jumatatu. Koti lilikuwa tayari limekatwa kwa vipimo vya Ketaki. Fundi alipunguza mikono, akabana mabega, akaniambia nina bahati koti lilikuwa tayari, maana kitambaa kilikuwa kimebaki kidogo tu. Huko tulikokwenda nilicheza mechi moja. Ilidumu dakika hamsini na mbili.

Miaka yake mitatu naijua kwa vipande. Katibu wa klabu alimzuia Dhavale langoni. “Samadi tutapata mtu mwingine,” alimwambia, “hii kazi si ya kusomea.” Ketaki alipiga mipira kwenye ukuta wa tangi la maji la manispaa, nyuma ya ofisi ya baba yake, mpaka wafanyakazi wakalalamika kuhusu mlio. Bega la kulia likaanza kumsumbua, na hapakuwa na daktari wa timu wa kulitazama. Nyumbani, Dhavale aliacha kusema na mkewe. Alimtuma binti kwa mtu aliyekuwa hatua tatu kutoka kwake.

“Mwambie mama yako chumvi imezidi.”

“Mama, Baba anasema chumvi imezidi.”

“Mwambie baba yako aondoke akale kwa mnajimu wake.”

Posa nyingine zilikuja, mbili au tatu. Kila familia iliomba hati ya nyota, na kila mara kulikuwa na mjomba mmoja mchekeshaji aliyeuliza, “Tuletewe ipi, ya mama au ya baba?” Baadaye hazikuja tena.

Alirudi Februari 1999, kwenye mashindano ya taifa, yaliyofanyika Pune kwetu. Mezani pa kujiandikisha, karani alimtaka cheti cha kuzaliwa. Ketaki alimwambia haya ni mashindano ya wanawake, cheti hakihitajiki.

“Kwa wengine hakihitajiki, dada,” karani alisema. “Kwako tuletee. Ukiwa navyo viwili, leta vyote tuchague.”

Watu wa foleni walicheka. Wasichana wapya, ambao hawakuwahi kumwona akicheza, walijua tayari la kumwita. Alikitoa cheti kwenye mkoba wake wa nguo, kile cha Barshi, akakiweka mezani. Droo ilipotoka, raundi ya kwanza, alikuwa amepangiwa mimi. Niliambiwa ilichezeshwa kwa haki. Sabnis ndiye aliyechomoa karatasi.

Baba yake alisimama nyuma ya uzio, mahali pale pale pa siku zote, ingawa sasa alikuwa na fimbo. Mama yake alikaa kwenye ngazi za saruji na chupa ya maji. Watazamaji walikuwa wengi kuliko raundi ya kwanza inavyostahili, na hawakuja kutazama tenisi.

Katika gemu ya kwanza niliona kwamba hawezi kuinua mkono juu ya sikio. Ile servisi haikuwepo tena. Mpira ulikuja polepole, mwepesi, kama wa mtu anayefundisha watoto. Katika gemu ya pili niliona kwamba hakimbilii kushoto kwake, maana ukuta wa tangi la maji hurudisha mpira mbele yako tu. Kwa hiyo nilipiga kushoto. Nilipiga kila mpira kushoto. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nilikuwa nimeshafungwa naye mara kumi, na mkono wangu ulikuwa na furaha ambayo kichwa changu hakikuikataza. Mara moja, kwenye seti ya pili, aliteleza akaanguka kwa goti, na mtu akapiga kelele, “Goti hilo, Bibi.” Kumbe habari za goti zilikuwa zimeenea. Uwanja ulicheka. Nilisubiri asimame, kisha nikapiga servisi kushoto.

Sita kwa mbili, sita kwa sifuri. Dhavale aliondoka seti ya kwanza ilipoisha.

Kwenye wavu alinipa mkono. Ulikuwa mkavu.

“Umecheza vizuri,” alisema. “Sasa kile kitabu chao kimekuwa kweli.”

Nikasema asante. Alikusanya vitu vyake, mama yake akamshikia chupa, wakatoka kwa geti la nyuma kuelekea stendi. Alasiri ile nilicheza raundi ya pili, nikafungwa na msichana wa miaka kumi na sita.

Ketaki hakucheza tena. Dhavale alikufa mwaka 2004, bila kumsemesha mkewe, na inasemekana siku ya mwisho alimwomba binti amwambie mama yake afungue dirisha. Baada ya hapo Ketaki alipata kazi Barshi, mwalimu wa michezo katika shule ya wasichana. Mimi niliacha raketi, nikasoma, nikawa mhadhiri wa historia. Miaka miwili iliyopita nilipangiwa kusimamia mitihani ya chuo cha Barshi, na saa za chakula nikaenda shuleni kwake.

Alikuwa amenenepa kidogo, sari ya pamba, filimbi shingoni. Nywele zilikuwa na mvi, na hakuzipaka rangi. Aliagiza chai mbili, tukakaa kwenye benchi la varanda, tukaulizana habari za mama zetu. Wake bado yupo, haoni vizuri. Wangu alishakufa. Wasichana wadogo walipita wakimwamkia, na mmoja alinyoosha kidole akamnong'oneza mwenzake.

“Huambiwa habari zangu,” Ketaki alisema. “Mwalimu wa maadili huwaleta kila mwaka wanitazame. Mwanamke aliyesema kweli.”

“Si ulisema kweli?”

“Mukta, niliandika ile barua kwa sababu nilidhani wataniacha niende. Nilipima. Nikisema mwenyewe, Sabnis hana tena cha kunitisha, na chama kitaona aibu kumwacha bingwa nyumbani. Nilipima vibaya, basi.” Alipuliza chai yake. “Ningejua watafanya vile, ningesema goti linauma. Ningechechemea mpaka kwenye harusi. Leo ningekuwa na watoto, na mume ningemdanganya mambo madogo madogo tu.”

“Usiwaambie wasichana hivyo.”

“Hawaniulizi. Wao hunitazama tu.”

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno fulani. Nilikuwa nimeyapanga kwenye basi tangu Pune, na nilikuwa nimeyapanga mara nyingi kabla ya hapo, kwa miaka, nikiwa nasahihisha karatasi au napanga vitabu. Nilianza kwa kusema, “Jioni ile ya kamati, nyumbani kwetu, mezani...”

Alitazama saa yake.

“Umekuja kuomba msamaha?” aliuliza. “Maana kipindi changu kinaanza baada ya dakika tano.”

“Nimekuja kusimamia mitihani,” nilisema.

“Vizuri. Dakika tano zisingetosha.”

Alimaliza chai, akaweka glasi ndani ya ile yangu, akashuka ngazi. Uwanjani wasichana arobaini walikuwa wameanza kujipanga, na alikuwa akiwaita kwa majina, mmoja mmoja, akiwahimiza wanyooke.